Mfupa Hufuata Mzigo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tuseme habari za mifupa na misuli. Maana kazi yetu ni ya kukaa kitako, na mwili hautunzwi kwa kukaa.

Nyumba ya udongo husimama kwa miti iliyomo ndani yake. Vivyo hivyo mwili: mtu mzima ana mifupa 206, nayo humsimamisha, na kumkinga ubongo na moyo. Lakini mfupa peke yake hauendi. Uusogezao ni msuli, nao una desturi moja: hujua kuvuta tu, kusukuma haujui. Kwa hiyo misuli hufanya kazi miwili miwili. Ukunjapo mkono, msuli wa mbele, juu ya kiwiko, hujikaza ukafupika, na wa nyuma hulegea. Uunyoshapo, wa nyuma huvuta na wa mbele hulegea. Ni mfano wa wapasua mbao wawili katika msumeno mmoja, kila mtu huvuta kwa zamu yake.

Tena, mfupa hufuata mzigo. Mwaka 1638 Galileo, mtaalamu wa Italia, alionyesha ya kuwa mnyama akikuzwa mara 2 kwa urefu, upana na kimo, uzito wake huwa mara 8, lakini uso wa mfupa uliokatwa, ndio ubebao uzito huo, huwa mara 4 tu. Ndiyo sababu miguu ya ndovu ni minene, imesimama kama nguzo, na ya paa ni myembamba.

Wala si kwa wanyama mbalimbali tu. Mwaka 1892 tabibu Mjerumani, Julius Wolff, aliandika kwamba mfupa ulio hai hujijenga upya kwa kadiri ya mzigo wake. Aliyecheza tenisi tangu utotoni, mfupa wa mkono wake wa kupigia huwa mnene kuliko wa pili. Na wasafiri wa anga, ambao huko juu miili yao hailemei miguu, wameonekana kupoteza yapata sehemu 1 katika 100 ya madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi. Kwa hiyo hulazimishwa kufanya mazoezi kila siku.

Basi sisi je? Twaingia ofisini asubuhi, twainamia karatasi hata jioni, na mzigo wetu mkubwa ni faili. Twashauri chama kitenge saa moja baada ya kazi, ya mpira, ya jembe, au ya mwendo wa miguu, kila mtu kwa nguvu zake.

Ndugu zetu, sote twakingoja kiinua mgongo. Lakini kitainua nini, ikiwa mgongo wenyewe umekwisha kulegea?