Mpwa Si Mtoto Mbele ya Mtoza Ushuru

Leo sitazungumzia siasa wala bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya zawadi. Zawadi ambayo nusura niipokee mimi mwenyewe, na ambayo ingemtia mzee mmoja hasarani kwa sababu ya wema wake.

Mzee huyo ni mjomba wangu, ndugu yake mama. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, akanilipia karo ya sekondari, na baadaye ya chuo nilikosomea uandishi wa habari. Yeye na marehemu mkewe hawakujaliwa mtoto. Mwaka wa 1994 alinunua ploti mjini Nakuru, na kwa miaka tisa akawa anajenga chumba kimoja kimoja kila alipopata fedha. Leo vyumba ni vinane. Kila mpangaji hulipa shilingi 6,000 kwa mwezi, na hizo shilingi 48,000 ndizo zinazomnunulia mzee dawa, chakula na gazeti lake la kila siku.

Miezi michache iliyopita aliniita nyumbani. Tulipokwisha kunywa chai akaniambia, "Mpwa wangu, mimi nimezeeka. Sitaki nikifa watu wagombane. Hii ploti nataka iandikwe jina lako nikiwa bado naona kwa macho yangu. Wewe ndiwe mwanangu."

Nilimshukuru mpaka nikakosa maneno. Nilidhani kazi iliyobaki ni kwenda kwa wakili, kutia sahihi na kungoja hatimiliki mpya. Tukaenda. Wakili alitusikiliza, kisha akamuuliza mjomba, "Mzee, huyu ni nani wako?"

"Ni mwanangu," akajibu mjomba.

"Mwanao wa kumzaa, au uliyemchukua rasmi kwa amri ya mahakama?"

Mjomba aliniangalia, nami nikaangalia chini. Hakuna mahakama iliyowahi kuniandika mtoto wake. Nililetwa kwake na mama nikiwa na mfuko mmoja wa nguo, na tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji karatasi. Hapo ndipo nilipofahamu, msikilizaji, kwamba jamaa ya nyumbani kwetu na jamaa ya sheria ya ushuru si kitu kimoja.

Nitaeleza kama wakili alivyotueleza. Kenya kuna ushuru uitwao ushuru wa faida ya mtaji. Mali kama nyumba au ploti inapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, serikali hutazama mwenyewe aliipata kwa gharama gani na leo ina thamani gani. Tofauti ya hapo ndiyo faida, na faida hiyo hutozwa ushuru. Ushuru huu ulisimamishwa mwaka wa 1985 na ukakaa usingizini karibu miaka thelathini. Ulirudishwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5. Tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15.

"Lakini mimi siuzi," mjomba akasema. "Natoa bure. Faida iko wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo wengi wetu tungeuliza. Jibu ni kwamba mtu anapotoa mali kama zawadi, sheria huihesabu kana kwamba ameiuza kwa bei ya soko. Haijalishi kwamba hakupokea hata senti. Na anayelipa ushuru huo ni mtoaji, si mpokeaji.

Tukafanya hesabu pale pale mezani. Ploti na ujenzi wote vilimgharimu mjomba shilingi 1,600,000. Kwa bei ya leo mali hiyo ina thamani ya shilingi milioni 6 hivi. Faida ni 4,400,000, na asilimia 15 ya hizo ni shilingi 660,000. Kisha kuna ushuru wa stempu, ambao hulipwa na anayepokea. Mashambani ni asilimia 2, lakini katika maeneo ya miji ni asilimia 4 ya thamani, yaani shilingi 240,000. Jumla ni shilingi 900,000. Hiyo ni zaidi ya kodi ya vyumba vyote vinane kwa mwaka mmoja na nusu, bila kununua hata kopo la rangi. Mzee anipe jasho lake la miaka tisa, kisha atafute shilingi 660,000 za kulipia ruhusa ya kunipa!

Mjomba ni mtu wa akili nyingi, hakukata tamaa. Akapendekeza tuandike kwamba ameniuzia kwa shilingi 1,600,000, bei ile ile aliyogharimia, ili isionekane faida yoyote. Wakili akatabasamu, bila shaka si mara ya kwanza kuisikia hekima hiyo. Akasema kwamba ushuru wa stempu haufuati bei mliyoiandika, unafuata thamani atakayoitoa mthamini wa serikali. Tena watu wa jamaa moja wanapouziana, mtoza ushuru ana haki ya kuiacha bei yao kando na kutumia bei ya soko. Na kuandika bei ya uongo ni kosa la jinai. Mjomba hajawahi kulala rumande hata usiku mmoja, na si umri wa kuanza.

Sasa ningekuwa mwanawe wa kumzaa mambo yangekuwaje? Sheria inaondoa ushuru wa faida ya mtaji pale mali inapotoka kwa mume kwenda kwa mke, au kwa mke kwenda kwa mume. Inauondoa pia wanandoa walioachana wanapogawana mali, na pia mali inapokwenda kwa watoto wao. Kati ya mume na mke, hata ule ushuru wa stempu hautozwi. Lakini orodha inaishia hapo. Ndugu wa tumbo moja hayumo. Shangazi hayumo. Mpwa hayumo, hata kama ndiye atakayekufunika blanketi siku zako za mwisho.

Kuna wasikilizaji watakaosema kwamba nyumba ya kuishi haitozwi. Ni kweli, ikiwa mwenyewe ameishi humo mfululizo miaka mitatu kabla ya kuihamisha. Vyumba vya kupangisha havimo katika msamaha huo. Anayeishi humo ni mpangaji, si wewe.

Tusisahau pia kwamba mwenye nyumba hubaki na deni la kila mwezi. Kodi ya nyumba za kuishi ikiwa kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, mwenye nyumba ambaye ni mkazi wa Kenya hulipa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi anayopokea, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango hicho kilianza Januari 2024; kabla ya hapo kilikuwa asilimia 10. Katika mpango huo huruhusiwi kutoa gharama ya fundi, rangi wala riba ya benki. Kwa vyumba vya mjomba ni shilingi 3,600 kila mwezi. Ploti ikihamishwa, mzigo huo unahamia kwa mwenye jina jipya. Kubadilisha tu namba ya simu inayopokea kodi hakumwondolei mwenye hatimiliki wajibu wake.

Na hapa nina neno kwa wazazi wenye watoto ughaibuni. Binti yako yuko Doha au Minneapolis, nawe unataka kumwandikia nyumba za kupangisha. Ni mwanao, ushuru wa faida ya mtaji hautozwi. Lakini iwapo sheria haimhesabu tena kuwa mkazi wa Kenya, ile asilimia 7.5 si yake. Kodi ya asiye mkazi hukatwa asilimia 30. Shilingi 48,000 zilizokuwa zikikatwa 3,600 sasa zitakatwa 14,400, kila mwezi. Muulize kwanza anahesabiwa wapi.

Turudi kwa mjomba. Tulikuwa tumenyamaza wote watatu. Ndipo wakili akauliza, "Mzee, kwa nini hutaki kuandika wosia?"

Mjomba alikunja uso. Kwake, kuandika wosia ni kukiita kifo. Lakini alisikiliza. Ushuru wa mirathi ulifutwa Kenya mwaka wa 1982. Mali inapopita kwa msimamizi wa mirathi hadi kwa mrithi, sheria haihesabu kwamba imeuzwa. Ushuru wa faida ya mtaji hautozwi, wala ule wa stempu. Mpwa aliyetajwa katika wosia hupokea kama mrithi mwingine yeyote. Zipo gharama za wakili na mahakama, na cheti cha mirathi huchukua miezi kadhaa kuthibitishwa. Lakini hazifiki shilingi 900,000.

Liko na jambo la pili, ambalo wakili alilisema kwa sauti ya chini kana kwamba sipo chumbani. Zawadi ikishaandikwa jina la mwingine, mpewa hapokonyeki. Mpwa mwema wa leo anaweza kesho akawa na deni benki, au akafariki kabla ya mjomba wake, na mzee akajikuta anaomba kodi ya vyumba alivyovijenga kwa mikono yake. Wosia hubadilishwa wakati wowote mwenyewe akiwa na akili timamu. Zawadi haibadilishwi.

Niseme kweli, msikilizaji, maneno yale yalinichoma. Lakini nilipoyafikiria usiku nikaona kwamba mtu anayempenda mzee wake hawezi kuyakataa. Nilikuwa nimeiangalia ploti; wakili alikuwa amemwangalia mzee.

Basi wosia umeandikwa. Sheria inataka mashahidi wawili, na si vyema shahidi awe ndiye mrithi. Kwa hiyo siku hiyo mimi nilikaa nje kwenye benchi, mjomba akiwa ndani na wazee wawili wa mtaani. Kabla ya hapo aliwaita ndugu zake na mama yangu, akawaambia wazi wazi alilokusudia, ili lisiwe la kusikia makaburini. Alileta pia kasha lake la bati, ambamo risiti za saruji na mabati tangu mwaka wa 1994 zimefungwa kwa uzi. Nimemwomba azitunze vizuri, maana siku mali hiyo itakapouzwa, gharama isiyo na risiti ni vigumu kuithibitisha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ninalotaka ubaki nalo ni hili. Kabla ya kumwandikia jamaa yako nyumba, usiulize tu moyo wako unamwita nani. Uliza sheria inamwita nani, na uulize mwaka huu huu, kwa kuwa Bunge hugusa viwango hivi mara kwa mara. Laiti mjomba angenipa ploti mwaka wa 2014, ushuru wa faida ungekuwa sifuri. Kwa thamani hiyo hiyo, mwaka wa 2022 ungekuwa shilingi 220,000. Leo ni 660,000.

Mjomba anaendelea kupokea kodi yake. Kila mwezi kabla ya tarehe 20 hunipigia simu nimsaidie kulipa zile 3,600, na kila mara hulalamika kwamba serikali inamla. Kisha huniuliza kama nimekula, nami humwambia nimekula.