Kupanda na Kushuka Mlima kwa Gari la Magurudumu Manne

(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva na matanboi katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa kusema juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaifanya, lakini wachache tuliwahi kufundishwa: kupitisha gari la magurudumu manne katika njia ya mlima isiyo na lami. Wako kati yetu wanaochukua watalii, wako wanaopeleka mafundi kwenye milingoti ya simu, na wako wanaohudumia misitu na maji. Njia ni zile zile, na tope ni lile lile.

Tutachukua mfano mmoja ambao wengi wenu mnaujua. Ni njia inayovuka milima ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi huiita Aberdare, kutoka upande wa Nyeri mpaka upande wa Kinangop. Unaingia hifadhini kwa geti la Ruhuruini, unapita msitu mkubwa, kisha mianzi, kisha unatokea katika uwanda wa majani na baridi ulio juu ya mita 3,000. Upande wa pili unatoka kwa geti la Mutubio, na kuteremka kuelekea Ndunyu Njeru na Naivasha. Si njia ya kutisha kupita zote. Siku ya jua dereva mwangalifu huipita salama. Lakini mvua ikinyesha, udongo wake huteleza kama sabuni, na hapo ndipo dereva hujulikana.

Kwanza, tuanze kabla ya kuondoka. Tazama maji ya rejeta, mafuta ya breki, springi, na tairi zote pamoja na ile ya akiba. Chukua jeki na kibao kinene cha kuweka chini yake, maana jeki peke yake huzama katika tope. Chukua jembe, kamba imara, pampu, magunia matupu na maji ya kunywa. Msidhani mtakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Hifadhini hairuhusiwi kukata miti, kwa hiyo magunia yako ndiyo matawi yako. Uliza getini hali ya njia, kwa sababu wakati wa mvua nyingi baadhi ya njia hufungwa. Tena ondoka asubuhi. Mlimani mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri, na njia iliyokuwa kavu saa nne huwa mto saa tisa.

Pili, jueni kwamba mlima hula nguvu za injini. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Na juu ya mita 3,000 maji huchemka kwenye joto la digrii 90 hivi, si 100 kama pwani. Basi gari likionekana zito, msilipige kwa hasira. Teremsheni gia, na mtazame sindano ya joto.

Tatu, magurudumu manne hutiwa kazini kabla ya tope, si baada ya kuzama. Katika magari mengi tunayopewa kuna mkono wa pili wa gia. Gia ya nguvu, yaani ile ya chini, huingizwa gari likiwa limesimama au likitambaa polepole sana. Na ukirudi kwenye lami kavu, ondoa magurudumu manne ikiwa gari lako ni la namna hiyo. Ukiacha, vyuma vya chini hujikaza vyenyewe kwa vyenyewe mpaka kimoja kivunjike.

Sasa tuje kwenye kupanda. Kabla ya mwinuko mkali, simama uutazame. Tanboi akiwepo, ashuke atangulie kwa miguu, lakini kwa uangalifu, kwa sababu mianzini kuna nyati na ndovu, na katika hifadhi ni lazima kufuata amri za askari juu ya kutoka garini. Chagua gia moja itakayokufikisha juu. Mara nyingi ni gia ya pili ya nguvu. Usibadili gia katikati ya mlima, kwa kuwa ukikanyaga klachi hapo gari hupoteza mwendo, na huenda likarudi nyuma kabla hujashika tena.

Jiwe kubwa likiwa katikati ya njia, usilipitishe kati ya magurudumu, maana difu ndiyo iliyo chini kuliko vyote. Pandisha gurudumu juu ya jiwe polepole. Kadhalika, mitaro mirefu iliyochimbwa na magari yaliyotangulia, panda juu ya kingo zake kama kuna nafasi. Na vidole gumba viwe juu ya usukani, visiingie ndani, kwa sababu gurudumu likipiga jiwe usukani huzunguka ghafula, na vidole huvunjika.

Injini ikizima katikati ya mlima, kanyaga breki, vuta na handibreki. Usiweke gia huru. Usijaribu kugeuza gari katikati ya mteremko, hata kama njia ni pana, maana gari lililokaa ubavu hupinduka. Ingiza gia ya nyuma, ile ya nguvu, washa injini, achia breki pole pole, na gari lirudi moja kwa moja katika alama za magurudumu yake likishikwa na injini. Ukifika chini, jaribu tena kwa njia nyingine, au geuka uende nyumbani.

Kushuka ni hatari kuliko kupanda, na watu wengi hawaamini. Anayepanda akishindwa husimama. Anayeshuka akishindwa hasimami. Gia ya kwanza ya nguvu iingizwe juu kabisa kabla ya kuanza kuteremka, mguu utoke kwenye klachi, na injini ifanye kazi ya breki. Ukikanyaga breki kwa nguvu katika tope, magurudumu hufunga na gari huwa mtumbwi. Gari likianza kuteleza, kinyume cha akili ya mwili, ongeza mafuta kidogo sana ili magurudumu yazunguke sawa na mwendo wa gari, nayo yatashika tena. Na likianza kuteleza kwa ubavu, geuza usukani kuelekea chini ya mteremko, usiugeuze kuelekea juu.

Gari likizama, acha mafuta. Kila mzunguko wa bure wa gurudumu ni kuchimba kaburi la gari. Chimba mbele ya magurudumu, weka magunia, punguza upepo wa tairi kidogo, na ujaribu kwa utulivu. Ukitoka, jaza upepo tena kabla ya kwenda mbio. Gari jingine likikuvuta, watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba. Kamba au mnyororo ukikatika huruka kama risasi, na hutafuta miguu na vichwa vya waliosogea kutazama.

Ndugu zetu, hayo ni mambo ya mikono na miguu. Lakini kuna jambo lililo kubwa kuliko gia, nalo ndilo lililotufanya tusimame hapa leo. Magari mengi hupotea mlimani kwa sababu ya haraka, na haraka hiyo mara nyingi si ya dereva. Ni ya mgeni anayetaka kufika hotelini kabla ya giza. Ni ya msimamizi aliye ofisini, anayepiga simu kuuliza, «Mbona bado?» Yeye haoni tope. Dereva aliyeshika usukani ndiye aonaye, na akisema, «Hapa leo hapapitiki,» neno hilo ni sehemu ya kazi yake, si uvivu.

Sheria nayo imelisema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yampasa mfanya kazi kumwarifu msimamizi wake mara aonapo hatari kubwa iliyo karibu. Tena yasema kwamba mfanya kazi aliyeondoka mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari ya namna hiyo, asifukuzwe wala asiadhibiwe kwa ajili hiyo. Basi ukiona mteremko haufai, simama, piga simu au tuma ujumbe, taja mahali na saa na hali ya njia, na uweke ujumbe huo. Maneno matupu husahaulika, lakini maandishi hukaa.

Na juu ya springi. Tunazo habari za madereva waliokatwa mshahara kwa springi iliyovunjika, tairi iliyopasuka, au kioo kilichopigwa na mwanzi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Sikilizeni neno hilo: makusudi. Springi iliyovunjika juu ya mawe, katika njia aliyotumwa dereva na mwajiri wake mwenyewe, haiwi makusudi kwa kuwa tu imevunjika. Kwa hiyo kila asubuhi andika kitabuni hali ya gari kabla ya kuondoka: springi ya kushoto imechoka, tairi ya nyuma imeisha, handibreki haishiki. Andika tarehe, na fundi au msimamizi atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, na umwonyeshe mwenzako. Ukikatwa hata hivyo, usigombane getini. Leta karatasi ya mshahara na kitabu hicho kwa katibu wa tawi siku hiyo hiyo.

Neno la mwisho ni kwa wazee wa kazi. Kijana aliyeajiriwa juzi hupewa ufunguo na kuambiwa, «Nenda, magurudumu manne hayakwami.» Hayo ni maneno ya mtu asiyewahi kukwama. Kabla kijana huyo hajapelekwa mlimani peke yake, mzee mmoja na apande naye siku ya kwanza, amwonyeshe mahali pa kusimama, mahali pa kuteremsha gia, na mahali pa kugeuka kurudi. Kamati ya tawi itaomba kwa waajiri kwamba siku hiyo ihesabiwe kuwa siku ya kazi na ilipwe. Wenye vijana wapya katika gereji zao watoe majina kwa katibu baada ya mkutano huu.

Haraka haraka haina baraka.