Wapitisha Pesa wa Kisenyi na Madai ya Vyama Vyao



Mtaa wa Kisenyi uko bondeni, kati ya Mengo na Old Kampala, hatua chache kutoka soko la Owino. Askari aliyewahi kupangiwa doria huko anaufahamu kwa vinu vyake vya mahindi, vyuma chakavu, gereji na mabasi ya kwenda mikoani. Anaufahamu pia kwa Wasomali waliofanya makazi hapo, na kwa maduka madogo yenye dirisha la kioo ambayo rafuni hayana bidhaa yoyote. Bidhaa ya maduka hayo ni pesa. Mama huingia na noti zake, hutaja jina na nambari ya simu ya ndugu yake aliyeko Mogadishu, hulipa ada, na baada ya muda mfupi ndugu yule hupata habari kwamba fedha zake ziko tayari. Hakuna noti iliyovuka mpaka. Wakala wa huku na wakala wa kule wanadaiana tu, na hesabu yao husawazishwa baadaye, mara nyingi kwa kupitia Dubai. Huo ndio utaratibu uitwao hawala, nao ni mkongwe kuliko benki zote za Afrika Mashariki.

Wenye maduka hayo, pamoja na makampuni ya simu na yale ya teknolojia ya fedha, ndio waitwao watoa huduma za malipo wasio benki. Siku hizi hawaendi serikalini mmoja mmoja. Wenye maduka ya kubadilisha na kutuma fedha wana chama chao, na watu wa teknolojia ya fedha wana chao kiitwacho FITSPA, kilichoanzishwa mwaka 2017. Vyama hivyo huandika barua kwa Benki Kuu, hufika mbele ya kamati za Bunge, na hutaka sauti yao isikilizwe kabla sheria haijapitishwa. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa ni ujanja wa matajiri wa kuipinda serikali. Shaka hiyo si ya bure, lakini haitoshi kuwa hukumu.

Wazee waliovaa sare katika miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka neno "kibanda". Bei ya dola ya serikali ilikuwa moja, na bei ya kibanda ilikuwa nyingine kabisa. Polisi walikamata walanguzi, magereza yakajaa, na kibanda hakikufa. Mwaka 1990 serikali iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha yenye leseni, na aliyekuwa akijificha kichochoroni akapata mlango, ubao wa bei na daftari la kukaguliwa. Biashara ile haikugeuka kuwa takatifu kwa siku moja, lakini tangu hapo mkaguzi alijua pa kubisha hodi.

Historia hiyo ndiyo inayoyapa madai ya leo uzito wake. Dai kubwa la wapitisha pesa duniani kote ni kwamba benki zisiwafungie akaunti bila ya kosa, kwa sababu mpitisha pesa asiye na akaunti ya benki hawezi kusawazisha hesabu zake. Kesi iliyovuma zaidi ni ile ya London. Desemba 2012 benki ya HSBC ilikubali kulipa Marekani dola bilioni 1.9 kwa uzembe wa kuacha fedha haramu zipite. Benki nyingine zikaingiwa na hofu. Mwaka 2013 Barclays ikatoa ilani ya kufunga akaunti za wapitisha pesa wengi, ikiwemo Dahabshiil, kampuni kubwa kuliko zote za kupeleka pesa Somalia. Chama cha wapitisha pesa wa Kisomali nchini Uingereza kilipiga mbiu, wabunge wakahojiwa, na mkimbiaji Mo Farah akatia sauti yake. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaizuia benki isifunge akaunti ya Dahabshiil kwanza, na mwaka 2014 pande mbili zikapatana. Akaunti hiyo hatimaye ilifungwa; kilichopatikana ni muda wa kujipanga upya.

Karibu na nyumbani, yako yaliyotokea Kenya. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye serikali ya Kenya ilisimamisha leseni za makampuni 13 ya kupitisha pesa. Hasira ya serikali ilieleweka kwa kila mwenye moyo. Lakini familia zilizotegemea pesa za ndugu zilikaa njaa, na aliyekuwa na pesa ya kutuma alitafuta mtu wa kuibeba mfukoni, bila ya jina wala risiti. Juni mwaka huohuo leseni zikarudishwa, pamoja na masharti makali zaidi.

Askari wa Uganda hahitaji kuelezwa Al-Shabaab ni nani. Majeshi ya Uganda yaliingia Mogadishu Machi 2007, na tarehe 11 Julai 2010 mabomu yalilipuka katika uwanja wa ragbi wa Kyadondo na katika mkahawa wa Kabalagala, yakaua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Kwa hiyo chama kinapodai urahisi wa biashara, ni haki ya askari kuuliza: ni nani anayejua pesa hii inakwenda kwa nani? Sheria ya mwaka 2013 ya kuzuia utakatishaji wa fedha humtaka mpitisha pesa amtambue mteja wake, atunze kumbukumbu, na atoe taarifa ya fedha taslimu zinazofikia shilingi milioni 20. Uganda iliwekwa katika orodha ya kijivu ya nchi zinazochunguzwa kwa udhaifu huo Februari 2020, ikatolewa Februari 2024. Miaka minne hiyo ilikuwa mizito, na chama chochote kitakachoomba masharti hayo yalegezwe kinapaswa kukataliwa waziwazi.

Kodi ni hadithi nyingine. Julai 2018 kodi ya asilimia 1 ilianza kutozwa kwa pesa za simu: anayeweka, anayetuma, anayepokea na anayetoa. Wananchi walipiga kelele, mawakala wakaona meza zao zikikaukiwa, na makampuni yakalalamika kwamba mwenye akaunti ya benki hatozwi kitu. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipunguza kodi ikawa asilimia 0.5, kwa anayetoa pesa peke yake. Makampuni yalitetea faida yao, bila shaka. Lakini mama wa Kitgum aliyekuwa akipokea shilingi elfu 20 kutoka kwa mwanawe aliyeko kambini aliponea humohumo.

Na isisahauliwe kwamba watu wenye sare nao wana vyombo vya fedha visivyo benki. Wanajeshi wana Wazalendo SACCO, polisi wana Exodus. Vyama vya akiba na mikopo vilipoondolewewa kodi ya mapato mwaka 2017, askari waliokuwa na akiba humo walifaidika, na sijaonekana askari aliyerudisha faida hiyo kwa sababu ilitokana na maombi ya vyama.

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2020 iliyakata mengi. Makampuni ya simu yalilazimishwa kuunda kampuni za pekee za pesa, zenye leseni ya Benki Kuu, na fedha za wateja ziwekwe benki katika akaunti ya amana, ili kampuni ikifilisika mdai asizishike. Wenye makampuni madogo walipata uwanja wa majaribio, wapate kupima huduma mpya chini ya macho ya Benki Kuu. Oktoba mwaka huohuo, hata hivyo, wezi waliingia katika mitambo ya kampuni ya kati iliyounganisha simu na benki, na huduma kadhaa zikasimamishwa. Wakati huo ndipo vyama vilipotazamiwa kusema kwa sauti ileile waliyoitumia wakati wa kodi, na sauti ilikuwa ndogo.

Hapo ndipo penye kipimo cha chama cha namna hii. Mpelelezi anayekwenda Kisenyi na amri ya mahakama anahitaji kupewa daftari siku hiyohiyo, si baada ya wiki tatu. Wakala anayesajili laini kwa kitambulisho cha mtu mwingine anajulikana na wenzake muda mrefu kabla polisi hawajamjua. Mawakala wanaovamiwa na majambazi jioni, wakiwa wamebeba mauzo ya siku, nao wanataka doria ipite mtaani kwao kabla ya maduka kufungwa.