Moto Mpya wa Ubungo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya kugeuza kituo cha umeme, kiache moto wake wa kwanza na kutumia gesi itokayo ardhini. Sisi si mafundi. Kazi yetu ni kalamu na majalada. Lakini jambo hili lina sehemu ya fundi na sehemu ya karani, nayo hii ya pili haisemwi sana.

Ya fundi twaipita upesi. Huko Marekani, katika jimbo la Illinois, kituo cha Joliet kilichoma makaa ya mawe miaka mingi, na mwaka 2016 kikageuzwa kutumia gesi. Katika kituo cha namna hiyo moto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mashine. Basi hubadilishwa vichomeo, birika kubwa la mvuke likabaki. Gesi haina majivu ya kuzoa, na hewa ya ukaa itokayo ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya makaa kwa joto lilelile.

Ubungo, Dar es Salaam, hapakuwa na makaa. Mitambo ilichoma mafuta yaliyoletwa kwa meli, na hewa ya moto yenyewe ndiyo iliyosukuma mapanga ya mashine, mfano wa pangaboi lipulizwalo na upepo. Gesi ilikuwa imeonekana kisiwani Songo Songo, upande wa Kilwa, tangu 1974. Ikakaa chini miaka 30. Mwaka 2004 ikafika mjini kwa bomba, kilomita kama 25 chini ya bahari na zaidi ya 200 katika nchi kavu.

Mwaka 2006 mvua zilikosekana, maji ya Mtera yakapungua, umeme ukagawiwa kwa zamu. Wengine wetu tulikuwa wanafunzi wa bweni, tukasoma kwa kibatari hata macho yakawasha. Bila gesi ile giza lingalizidi.

Sasa sehemu ya karani. Watu husema gesi ilikuwa rahisi kwa kuwa ni yetu. Twaomba ruhusa kupinga. Ilikuwa rahisi kwa sababu ya kifungu cha mkataba: sehemu ya gesi ya Songo Songo iliwekwa kando kwa mitambo ya Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kwa bei ndogo isiyofuata bei ya mafuta ya dunia. Kifungu hicho kilikuwa na mwisho wake, baada ya miaka 20, yaani Julai 2024. Mwisho huo uliandikwa tangu mwanzo. Je, ni wangapi kati yetu tulioujua? Sisi tunaopiga mihuri na kufunga majalada ndio tungalipaswa kuwa wa kwanza kuuliza, miaka mitano au sita kabla ya siku yenyewe, ni nini kitakachofuata.

Tena, bomba la pili, kubwa zaidi, lilipopangwa kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliandamana mwishoni mwa 2012, na Mei 2013 pakawa na ghasia na watu wakafa. Bomba likafunguliwa 2015. Wapo waliowaita wale wajinga. Sisi hatuwaiti hivyo. Waliuliza swali la hesabu: gesi ikiondoka, kwetu kitabaki nini, na kiasi gani? Swali la namna hiyo hujibiwa kwa tarakimu zilizobandikwa ukutani penye ofisi ya kijiji, wala si kwa hotuba, hata iwe tamu kuliko hii yetu.

Mwezi wa Februari 2024 bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kutoa umeme, na wengine wakasema habari ya gesi imekwisha. Waliosoma kwa kibatari mwaka 2006 hawatalisema hilo upesi.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri itenge jioni moja, tuisome pamoja mikataba ya namna hii iliyo wazi kwa watu, kifungu kwa kifungu, na tarehe zake ziandikwe ubaoni. Maswali ya wanachama twayapokea sasa.