Mkanda wa Bunduki ya Kale



Mkanda huu wa bunduki, wa aina iliyoanza katika jeshi la Marekani mwaka 1907, ni vipande viwili vya ngozi vilivyounganishwa kwa kulabu. Aina hii ilitumika katika vita vikuu vyote viwili. Walaghai hupiga mihuri ya kale juu ya ngozi mpya. Basi tazameni kwanza matundu. Yamepangwa mawili mawili, na pale kulabu ilipokaa miaka mingi yametanuka. Hilo si rahisi kughushi.

Mkirithi kitu kama hiki kwa babu, tafadhali msikitie mafuta! Mafuta mengi hulegeza nyuzi za ngozi, na yakigusana na shaba huleta kutu ya kijani. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, mkilaze kimenyooka pasipo jua.

Atakayependa kuushika, aje mbele baada ya chai.