Mtaro Ukiwa Bado Wazi



Askari aliyelitumikia taifa kwa miaka mingi, akakopa katika chama chake cha akiba na mikopo, mwanajeshi kwa Wazalendo na polisi kwa Exodus, akanunua kiwanja nje kidogo ya Jinja au Mbale na kuezeka nyumba yake, ana haki ya kujiona ametua mzigo. Maji yameingizwa. Umeme umewaka. Lakini siku ile ile ya kuhamia, watoto huuliza jambo ambalo mwenye nyumba hakulifikiria alipokuwa akihesabu matofali na mifuko ya saruji: je, intaneti itapitia wapi?

Wapo wanaoliona swali hilo kuwa la anasa, na miongoni mwao wamo watu wazima wenye vyeo. Maoni hayo yangeweza kusameheka kabla ya Machi 2020. Katika mwezi huo shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Kwa sehemu kubwa ya muda huo masomo yalifuatwa kwa redio, kwa karatasi zilizochapwa na, kwa wale waliojaliwa, kwa intaneti. Mtoto wa nyumba yenye mtandao aliendelea kumsikia mwalimu wake na kumwuliza maswali. Mtoto wa nyumba ya pili alichunga mbuzi au aliuza karanga barabarani. Tofauti ya watoto hao wawili haikuwa ya akili hata kidogo.

Tena lipo jambo linalowagusa wapiganaji hasa. Tangu Machi 2007, wakati askari wa kwanza wa Uganda walipotua Mogadishu, maelfu wamepishana katika nchi ile ya Somalia. Mke anayetaka kumwonyesha mumewe mtoto aliyezaliwa nyuma yake hana haja ya kuelezwa faida ya mtandao. Anachojua ni kwamba ndani ya nyumba mpya, yenye kuta nene na bati juu, picha hukatika, naye hulazimika kutoka nje usiku na kusimama karibu na mgomba ili aonane na baba wa mtoto wake. Mwanamke kusimama peke yake gizani na simu mkononi, katika mtaa ambao nusu ya nyumba bado hazina milango, ni jambo ambalo polisi yeyote ataliona kwa jicho lake la kazi.

Kinachosikitisha ni kwamba mkongo mkubwa wa mawasiliano ulikwisha kufika zamani. Mwaka 2009 mikongo ya SEACOM na TEAMS, iliyotandazwa chini ya bahari, ilifika Mombasa. Uganda haina bahari. Kwa hiyo nyuzi zile za kioo, nyembamba kama unywele na zenye kubeba habari kwa mwanga, zilivuka mpaka kupitia Malaba na Busia. Mkongo wa taifa, ambao husimamiwa na NITA-U, uliifikia Jinja katika awamu yake ya kwanza, na Mbale na Tororo katika awamu ya pili. Kwa maneno mengine, mashariki ya Uganda ndiyo mlango. Mawasiliano mengi yanayokwenda Kampala kutoka pwani hupita kwanza huku.

Wazee wa Jinja watakumbuka kisa kinachofanana na hiki. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilizinduliwa tarehe 29 Aprili 1954, na miaka michache tu baadaye umeme wake ulikuwa ukipelekwa Kenya. Nyaya zilipita juu ya vijiji ambavyo usiku viliendelea kuwasha vibatari. Leo mkondo umegeuka, kinachotoka pwani ndicho kinachokuja bara, lakini aliyeko kando ya njia angali akitazama kikipita.

Basi kinachokosekana ni kipande cha mwisho tu, labda hatua mia tatu kutoka barabara kuu hadi kizingiti cha nyumba. Kipande hicho ndicho ghali. Uzi wenyewe si wa bei ya kutisha. Gharama iko katika kuchimba, kufukia, kuomba kibali na kutengeneza upya kilichobomolewa. Barabara nyingi za Jinja na Mbale zimepata lami mpya, mifereji na taa kwa mpango wa USMID, uliosaidiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2013. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini lami ikishamwagwa, nani atairuhusu kampuni ya mtandao kuikata ili nyumba nne zipate intaneti? Na kampuni nayo haihesabu watu, huhesabu milango itakayolipa kila mwezi. Ikiona milango minne inafunga daftari na kwenda zake.

Mkandarasi, kwa upande wake, alikuwa na mtaro wazi miezi mitatu. Mabomba ya maji yalilala humo. Bomba moja zaidi la plastiki, tupu, lenye kamba ndani ya kuvutia waya siku zijazo, pamoja na chemba kila baada ya nyumba kadhaa, lingegharimu sehemu ndogo mno ya kazi nzima. Hakuliweka kwa sababu hakuna aliyemwagiza. Wakazi ambao wangemwagiza walikuwa hawajahamia. Hapo ndipo penye kasoro: jambo huamuliwa wakati wenye haja nalo hawapo, na wanapofika udongo umekwisha kushindiliwa.

Hapana budi kukiri kwamba minara imewafaa watu wengi, na itaendelea kuwafaa. Lakini mnara hugawa nguvu zake kwa wote waliounganishwa nao. Mtaa uliokuwa na nyumba ishirini ukiwa na mia tatu, na mnara ni ule ule, ikifika saa mbili ya usiku kila mtu hupata makombo. Bando hulipiwa kwa kipimo, na juu yake upo ushuru wa asilimia 12 ulioanzishwa Julai 2021, isipokuwa kwa data ya matibabu na elimu. Familia ya askari yenye wanafunzi watatu huona fedha zikiyeyuka kabla ya katikati ya mwezi.

Njia ya nguzo nayo ina mashaka yake. Upande wa Jinja, magari ya miwa yaliyojazwa kupita kiasi huweza kuukokota waya ulioning'inia chini. Upande wa Mbale, tatizo hutoka mlimani. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Julai 2022 mvua kubwa ilisababisha mito Nabuyonga na Namatala kufurika, watu wasiopungua ishirini wakapoteza maisha, na mabomba makubwa ya maji yakang'olewa. Mhandisi anayelaza bomba la mawasiliano ndani ya mfereji wa maji ya mvua chini ya Wanale, eti kwa kuwa mfereji umekwisha kuchimbwa, anajitafutia kazi ya pili.

Katika hali hii, askari ana silaha ambayo raia wengi hawana: mshahara unaojulikana tarehe yake, na mazoea ya kutenda kwa umoja. Mtu mmoja akiandika barua kwa kampuni ataambiwa asubiri. Nyumba ishirini na tano zikiandika barua moja, zikiambatanisha ramani ya mtaa na ahadi ya kulipa, kampuni itamtuma fundi kupima. Zaidi ya hayo, Jinja na Mbale zimekuwa majiji tangu tarehe 1 Julai 2020, na ramani za ujenzi hupita mezani mwa wakuu wa majiji hayo. Ofisi inayodai kuonyeshwa njia ya maji machafu yaweza kudai pia kuonyeshwa njia ya waya. Kwa nyumba zinazojengwa ndani ya makambi, uamuzi ni wa makamanda, na wahandisi wa jeshi, ambao kuchimba handaki ni sehemu ya mafunzo yao, hawahitaji kufundishwa upana wa mtaro.

Jambo moja lataka hadhari. Majirani wengi huamua kulipia laini moja kwa jina la mmoja wao, kisha neno la siri likazunguka mtaa mzima hadi kwa wapangaji na wageni wao. Ni nafuu kwa mfuko. Lakini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ingalipo, na mpelelezi akifuatilia ulaghai au matusi yaliyotoka katika laini hiyo, mlango wa kwanza atakaoubisha ni wa yule mwenye jina katika mkataba. Sajini wa polisi kuhojiwa na wenzake kwa kosa la mpangaji wa jirani si habari ya kuchekesha. Ni heri kila nyumba iwe na mkataba wake, ingawa bomba chini ya ardhi ni la wote.

Kwa yule ambaye bado analipia nyumba kwa awamu, ipo nafasi kabla ya malipo ya mwisho. Na amwombe mwuzaji amfunulie chemba ya mawasiliano mbele ya nyumba, aione kamba kwa macho yake, na aivute kidogo. Ikisogea, njia ni wazi. Kama hakuna chemba wala kamba, jambo hilo na liandikwe katika karatasi ya makabidhiano pamoja na milango isiyofunga na mabomba yanayovuja.