Tuzo za Michezo ya Kuigiza Zipewe Majina Yetu
(Hotuba kwa wanachama, Kidahwe, Kigoma)



Jina la tuzo si pambo. Kule New York, tangu mwaka 1947, wachezaji bora hupewa tuzo ya Tony, jina la mkato la Antoinette Perry, mama wa jukwaa aliyefariki mwaka 1946. London walianza tuzo zao mwaka 1976. Mwaka 1984 wakazipa jina la mchezaji wao, Laurence Olivier. Wenzetu wanajua wamkumbuke nani.

Na sisi je? Mwalimu Nyerere alifasiri mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963. Ebrahim Hussein akatuandikia Kinjeketile, mwaka 1969, habari ya Vita vya Maji Maji. Majina yao yamekwisha kupewa tuzo. Lakini tuzo ya Ebrahim Hussein ni ya ushairi! Bwana wa mchezo anakumbukwa, mchezo wenyewe unasahauliwa.

Basi sisi wa Kidahwe tusingoje Dar es Salaam. Tuanze na tuzo ndogo, hata jembe moja, tuipe jina la mzee wetu aliyestahili. Waamuzi wakae mbele ya watu wote. Jina la mtu mwema likigawiwa kwa upendeleo, hugeuka tusi.